Komeo Nililolishusha Mwenyewe

Mama Neema, jirani yetu wa Makole, akitaka kuninyamazisha mbele za watu hutaja neno moja tu, "nondo", na mimi hunyamaza hapo hapo na kumkubalia lolote, hata kama ni kumwazima jembe langu kwa mara ya saba. Mtaani kila mtu anaujua mkasa huu kwa jinsi ulivyosimuliwa kwenye foleni ya bomba, na kila aliyeusimulia ameutia chumvi yake, kwa hiyo leo acheni niuseme mwenyewe, wote, pamoja na ile sehemu ya kanga. Aibu ukiisema mwenyewe haipungui, msidanganywe, ila angalau inabaki na ukubwa wake wa kweli.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu na ofisi zikaanza kupunguza watu. Nilikuwa karani wa stoo kwenye shirika moja la umma hapa Dodoma, nikapewa barua pamoja na wenzangu wengi, nikarudi nyumbani. Mke wangu Rehema alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, yeye akabaki na kazi yake, mimi nikabaki na binti yetu Zuhura.

Zuhura alizaliwa kabla ya siku zake. Wenzake walipokuwa wanakimbizana na kuku yeye bado alikuwa anaburura makalio, alitembea akikaribia miaka miwili na nusu, na mikono yake ilikuwa haina nguvu kabisa, ukimpa kijiko kinaanguka, ukimpa kipande cha muhogo anakitazama tu mpaka umtilie mdomoni. Watu walisema mengi, kama kawaida ya watu. Mama mkwe wangu, aliyekuwa anaishi kule Kondoa milimani, alituma ujumbe kwa dereva wa basi kwamba mtoto halelewi na mwanaume, na kwamba ipo siku atakuja kumchukua mjukuu wake akamlee mwenyewe. Niliposikia hivyo sikulala vizuri kwa wiki nzima, maana mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kusema jambo kwa kupima upepo. Akisema anakuja, anakuja.

Aliyeniokoa ni muuguzi mmoja mtu mzima pale kliniki. Alimshika Zuhura mikono, akamkunja miguu, akamkalisha, akamsimamisha, kisha akaniambia, "Baba, mtoto huyu si mgonjwa. Viungo vyake vimechelewa tu. Mpe kazi. Apande, ashuke, arushe, akande, afungue, afunge. Na usimfanyie kitu ambacho anaweza kujaribu mwenyewe."

Basi nikalishika neno lile kama mtu aliyepewa ajira mpya. Asubuhi tulikuwa tunapanda na kushuka ngazi tatu za mlangoni kwa mwenye nyumba, kupanda kwa mikono na magoti, kushuka kinyumenyume, tumbo chini, mguu mmoja unatafuta kwanza. Mchana tulikuwa tunatembea juu ya matofali niliyoyapanga mstari mmoja uani, mimi mbele nikirudi nyuma, yeye kanishika vidole. Kisha mikono: tulikanda unga wa mtama, tulidondoa choroko moja moja kwa vidole viwili tukizitia kwenye chupa (hapo nilikuwa nakaa naye, simwachi hata nipige chafya, maana mtoto na choroko na pua ni marafiki), tulibana vibanio vya nguo kwenye ukingo wa beseni, tulifungua na kufunga zipu ya koti la mtumba. Wanawake wa pale uani walikuwa wananicheka. Mama Neema aliniuliza siku moja kama na kunyonyesha nimeanza. Nikacheka naye, lakini moyoni nilikuwa najua kuwa Zuhura sasa anashika kijiko, na ameweza kufunga kifungo kimoja cha sweta lake, kile cha juu, baada ya kuhangaika nacho muda wa kupika wali.

Kilichompendeza kuliko vyote kilikuwa komeo. Nilipigilia komeo dogo kwenye kipande cha ubao, akawa analisukuma linaingia, tunapiga makofi, mimi nalirudisha haraka, analisukuma tena. Baada ya siku chache likalegea, likawa halimpi kazi. Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi wangu mdogo. Mlango wetu wa chumba cha mbele ulikuwa na komeo moja tu, la chuma, liko juu usawa wa kichwa changu. Nikaling'oa nikalishusha chini, usawa wa kifua cha Zuhura, ili apate komeo lenye ubishi.

Rehema aliporudi shule alilitazama akasema, "Baba Zuhura, hilo lirudishe juu."

"Atajifunza kwanza," nikamjibu.

"Atajifungia."

"Nitakuwa naye."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake. Nilikuwa naye kweli, wiki tatu mfululizo.

Siku yenyewe ilikuwa ya Julai, na nyie wa hapa mnaujua upepo wa Julai, unapuliza vumbi jekundu mpaka meno yanasaga mchanga, na baridi inakata. Mama mkwe alikuwa ametuma habari kuwa anafika siku hiyo, na basi la Kondoa lilikuwa linaingia jioni, kwa hiyo nikaona nina siku nzima. Nikabandika maharage uani, upepo ukawa unapeperusha cheche na majivu, mkaa unaisha bila maji kuchemka. Nikaliingiza jiko ndani, nikaliweka chini ya dirisha, nikafunga dirisha kuzuia vumbi, mlango nikauacha wazi hewa ipite. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, hicho cha mbele na cha kulala, na cha mbele kilikuwa kidogo, ukiweka meza na viti viwili umekimaliza.

Saa tano hivi nikasema nioge kabla ya kufagia. Zuhura alikuwa amekaa kizingitini na vibanio vyake. Taulo lilikuwa kwenye kamba halijakauka, nikachukua kanga ya Rehema (maandishi yake sitayataja, yalikuwa yanawahusu majirani), nikamwambia mtoto, "Kaa hapo hapo, mama, baba anarudi," nikaingia bafuni, bafu letu la mabati pale pale uani, hatua kumi tu kutoka mlangoni.

Nilikuwa na sabuni kichwani niliposikia upepo umeubamiza mlango. Kisha nikasikia sauti niliyoifundisha mwenyewe, chuma kikipita ndani ya chuma.

Nilitoka na povu langu, kanga nimeifunga kiunoni, nikausukuma mlango. Haukutikisika.

"Zuhura."

"Baba, nimefunga," akasema kutoka ndani, kwa furaha. "Mwenyewe."

"Vizuri sana, mama. Sasa fungua."

Komeo likagongagonga kidogo, likanyamaza. "Gumu," akasema.

Hapo ndipo baridi iliponiingia, na haikuwa ya Julai. Niliona kila kitu kwa mara moja: mlango umefungwa, dirisha limefungwa, jiko la mkaa linawaka ndani, sufuria la maharage linatokota, na mtoto wangu katikati. Mwaka uliotangulia, mtaa wa pili tu kutoka kwetu, ndugu wawili walilala na jiko la mkaa ndani kwa ajili ya baridi, asubuhi watu wakavunja mlango, na mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba majeneza. Nikaanza kuupiga mlango kwa bega, nikapiga kelele, fungua, Zuhura fungua, na kadiri nilivyopiga ndivyo alivyoogopa, nikamsikia analia, kilio kikaenda mbali na mlango, kisha kikakatika.

Ninyi hamjui kimya cha mtoto nyuma ya mlango. Niliita mara tano, sita. Hakuna kitu. Mama Neema akatoka kwake akiwa na unga mikononi, nikamwambia aende kumwita Mzee Ndahani, mwenye nyumba wetu, aliyekuwa na karakana yake ya useremala upande wa barabarani. Alikwenda anakimbia bila kuuliza, na kwa hilo namwachia hata hilo jembe.

Jembe lenyewe ndilo nililolikimbilia. Nikazunguka dirishani, nikalipenyeza kwenye ufa wa mabawa ya mbao, nikakandamiza mpaka kitasa cha ndani kikang'oka na dirisha likafunguka. Joto likanipiga usoni pamoja na harufu ya mkaa. Hewa ilikuwa imepata njia, nikashukuru Mungu, lakini mtoto sikumwona. Nikageuza ndoo, nikapanda juu yake. Dirisha lilikuwa na nondo za kuzuia wezi, na moja ilikuwa imepinda tangu enzi za mpangaji aliyetangulia, ikaacha nafasi pana kidogo. Nikapitisha kichwa hapo ili nione pembeni.

Nikamwona. Alikuwa juu ya meza, amesimama wima. Alikuwa amepanda kiti, kutoka kwenye kiti akapanda meza, kwa mikono na magoti, kama tulivyofanya kila asubuhi kwenye ngazi za Mzee Ndahani. Alikuwa ananifuata mimi. Amesikia sauti yangu imehama kutoka mlangoni imekuja dirishani, naye akahamia huku. Uso umelowa machozi. Aliponiona akanyoosha mikono yote miwili, akasogea mpaka ukingo wa meza, vidole vya miguu vikaushika ukingo. Kati yake na mimi palikuwa na nafasi ya hatua moja ya mtu mzima, na ndani ya nafasi ile, chini, ndipo nilipokuwa nimeliweka jiko. Mvuke wa maharage ulikuwa unapanda unampita magotini.

Nilishtuka, nikajisukuma mbele, ndoo ikateleza. Miguu ikabaki inagusa chini kwa ncha za vidole, kichwa kiko ndani, na nilipojaribu kukirudisha masikio yakakataa. Kanga ikaondoka. Niliisikia inaondoka, upepo wa Julai hauna haya, nikajua kwamba kuanzia shingoni kwenda nyuma niko uani, mchana kweupe, na povu la sabuni.

Lakini wakati huo, nawaapia, sehemu hiyo ya mwili wangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Nilikuwa naviona vidole kumi vya miguu tu.

"Zuhura," nikasema, na sauti nikaishusha mpaka ikawa kama ya mtu anayesimulia hadithi, sijui niliipata wapi. "Simama hapo. Usije. Sasa tucheze ngazi. Kipe kiti mgongo."

Akanitazama. Mikono bado ameinyoosha. Nyuma yangu nikasikia lango la uani linafunguka na watu wanaingia, wengi, nikasikia mtu mmoja anasema "Mungu wangu" na mwingine anaguna. Sikugeuka, hata ningetaka.

"Kipe kiti mgongo, mama. Hivyo. Sasa lala tumbo."

Akageuka. Akapiga magoti, akalala tumbo juu ya meza, miguu ikawa inaning'inia upande wa kiti. Mguu mmoja ukashuka unatafuta, ukapapasa hewa, ukakigusa kiti pembeni, kiti kikasogea. Akaurudisha mguu juu. Mguu ukashuka tena, ukatafuta, ukapata. Kisha wa pili. Kutoka kwenye kiti akashuka sakafuni, akasimama akajifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Nenda mlangoni," nikamwambia. "Nenda kwenye komeo lako."

Ni wakati huo huo nilipoisikia sauti moja nyuma yangu, ya taratibu, sauti ambayo sikuitarajia mpaka jioni.

"Hodi hapa."

Mama mkwe wangu hakusubiri basi, alikuwa amepata lori la alizeti lililotoka Kondoa alfajiri. Mkwe kwetu hata kula mbele yake unaona haya, hata kumtazama usoni unatazama kwa kuiba. Nilitafuta neno la kusema, nikapata moja tu ambalo nimefundishwa tangu mtoto.

"Shikamoo mama," nikasema, kichwa kikiwa ndani ya nyumba.

"Marahaba," akajibu.

Kisha nikasikia nguo inanizunguka kiunoni, inavutwa, inafungwa fundo moja kavu, kama mtu anavyomfunga mtoto nepi. Hakusema lolote juu ya hilo, siku ile wala siku nyingine. Alichouliza ni, "Mtoto yuko wapi?"

"Yupo ndani mama, kajifungia. Jiko linawaka."

Mzee Ndahani alikuwa ameshafika na mtaimbo, anataka kuupiga mlango. Nikamwambia kwa sauti ya kuomba asipige, maana Zuhura sasa alikuwa ameugandama mlango, na mlango ukiangukia ndani ungeangukia juu yake. "Basi mwambie aondoke hapo," akasema. Nikatazama chumba. Aondoke aende wapi? Ukitoka mlangoni, pale palipobaki ni kwenye jiko, hata mlango wa chumba cha kulala ulikuwa ng'ambo yake. Sikuwa na pa kumtuma mtoto wangu. Mzee Ndahani akauweka mtaimbo chini, akaanza kuusukuma mlango kwa bega pole pole, na Mama Neema akamsaidia, na Zuhura kule ndani anavuta komeo kwa mikono miwili mpaka mabega yanatetemeka, na komeo haliendi. Nilikuwa nimemfundisha kulifunga. Kulifungua nilikuwa nalifungua mimi, haraka haraka, ili afunge tena tupige makofi.

Akaacha. Akakaa chini, akaupa mlango mgongo, akalitazama sufuria.

"Mnausukuma wa nini?" mama mkwe akawauliza. "Mkisukuma mnalibana. Uvuteni kwenu."

Wakaacha kusukuma, Mzee Ndahani akaushika mlango kwa kitasa akauvuta kuelekea nje. Nikamsikia mama mkwe anachuchumaa upande ule wa mlango, vifundo vya magoti vikilia, akasema karibu kabisa na mbao, "Hodi, mwenye nyumba."

Zuhura akageuza kichwa. "Nani?"

"Bibi. Bibi wa Kondoa. Nimetoka mbali na nimechoka, nifungulie nipumzike."

Mtoto akainuka. Mgeni akipiga hodi anafunguliwa, hilo analijua kila mtoto. Nilikuwa namwona kwa ubavu. Alikishika kile kichwa cha komeo kwa kidole gumba na vidole viwili, vile vile alivyokuwa akidondoa choroko, akakiinua kidogo, akavuta. Komeo likaenda nusu. Akabadilisha mkono. Nikajiuma mdomo ili nisiseme neno likamvuruga. Likaenda lote.

"Karibu," akasema Zuhura.

Mama mkwe aliingia, akaliendea jiko akalitoa kwanza nje, sufuria na vyote, kwa ncha za kanga yake, ndipo akarudi akambeba mjukuu wake. Alimshika muda mrefu. Mimi nilikuwa pale pale, kichwa kimechomoza ukutani kama swala wa kutundikwa, natabasamu kwa sababu sikujua uso ufanye nini ukiwa peke yake na mkwe chumbani.

Kunitoa kulichukua muda. Walinipaka mafuta ya alizeti masikioni, Mama Neema akavuta miguu mpaka nikamwomba aache, mwishowe Mzee Ndahani akazitanua nondo kwa mtaimbo. Lango la uani lilikuwa limejaa watu, mpaka wanafunzi waliokuwa wametoka kwa mapumziko ya chakula, na ni mmoja wao aliyekimbia kumwambia Rehema, "Mwalimu, baba Zuhura amenaswa dirishani." Alifika anahema, akamkuta mwanawe anacheza, mama yake amekaa kwenye kigoda, na mumewe kavaa kanga ya mama mkwe, masikio yamechubuka yanang'aa mafuta. Alilitazama komeo. Alilitazama tu.

Jioni, komeo likiwa limesharudishwa juu, mama mkwe aliniita nikae. Nikakaa, macho sakafuni. Nilijua kilichomleta.

"Nilikuja kumchukua mtoto," akasema.

"Najua, mama."

"Asubuhi pale nilikuwa nimeshaamua." Akamtazama Zuhura. "Mchana nimemwona akishuka zile ngazi za mwenye nyumba. Nani alimfundisha kushuka vile, kwa mgongo?"

"Mimi."

"Na hivyo vidole?"

"Mimi, mama. Na muuguzi."

Rehema kwenye kona alikuwa ameacha kuchambua mchele. Kisha mama mkwe akasema, "Basi simchukui. Ila siwezi kumwacha na wewe peke yako. Nitakaa mimi."

Akakaa mpaka mvua za Desemba, miezi mitano, katika kile chumba cha mbele, na kila asubuhi alikuwa anakaa kwenye kigoda anatusimamia tukipanda na kushuka, na mimi kila asubuhi nilikuwa namwamkia nikijua anachokijua. Zuhura mikono yake ilipata nguvu, akaandika jina lake kabla ya wenzake wengi, na mwaka alioanza shule alikuwa anapanda mti wa mpera mpaka namfokea ashuke.

Watu wanapocheka ile kanga huwa nacheka nao, kwa sababu wanachokicheka ni kile walichokiona. Kinachonitia hofu mpaka leo hakuna aliyekiona. Pale juu ya meza, Zuhura aliponinyooshea mikono, neno lililofika mdomoni kwangu kwanza lilikuwa "njoo". Kwenye ngazi, kwenye matofali, miezi yote ile, kila akininyooshea mikono nilikuwa namwambia hivyo hivyo, njoo, na yeye anakuja. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Kama ndoo isingeteleza nikapotewa na pumzi, ningelisema.

Nimelea na wajukuu sasa, nawafundisha kupanda na kushuka na kufungua na kufunga, sitaacha. Lakini neno hilo simwambii mtoto yeyote kabla sijatazama chini, nione kuna nini kati yake na mimi.